Bunduki Isiyotaka Kubembelezwa

Kwa miaka thelathini na moja Aune Lehtikangas alisimama mwisho wa ukanda wa kiwanda cha mbao, chaki ya buluu mkononi, akiamua ubao upi ni wa sakafu ya tajiri na upi ni wa banda la kuku. Ubao ulimfikia ukiwa bado na joto la msumeno. Aliutazama, akaupitishia kidole gumba kufuata mishipa yake, akautia alama, nao ukaenda zake. Kila ubao sekunde tatu. Wanunuzi walikuja kutoka mbali kubishana naye, wamekunja karatasi zao za malalamiko mikononi, na jioni waliondoka na karatasi zile zile bila neno.

"Jicho linadanganywa na mwanga," alikuwa akiwaambia. "Kidole hakidanganywi."

Kidole hicho ndicho kilichobaki kwenye mashine ya kupasulia kuni, uani kwake mwenyewe, Jumamosi moja ya Oktoba mwaka 1996. Majirani hadi leo wanasimulia jinsi alivyofunga mkono kwa skafu, akaingia ndani kwanza kuzima jiko kwa sababu supu ya njegere ilikuwa karibu kukauka, ndipo akaendesha gari mwenyewe maili ishirini na mbili hadi hospitali. Wanaisimulia kama kichekesho. Yeye hakuwahi kuicheka. Alijua kwamba dakika ile hakuwa tayari bado kuwa mtu mwenye mkono wa namna ile, na supu ilimpa mahali pa kusimama kidogo kabla ya kuanza.

Kiwanda kilimuaga kwa keki na saa ya ukutani. Mkono wa kushoto ukajifunza kuandika, kumenya viazi, kufunga vifungo vya koti. Jambo moja tu lilikataa kujifunzika, na jambo hilo lilikuwa kambini.

Kambi ya uwindaji ya familia ilikuwa ndani ya msitu wa mierezi, mwisho wa njia ya kusombea magogo ambayo hakuna aliyekuwa akiitengeneza isipokuwa wenyewe. Baba yake, Kalle, aliijenga mwaka 1947 pamoja na shemeji yake Onni, kwa magogo ambayo kiwanda kiliyakataa. Vitanda vinne, jiko la kuni, sauna kando ya kijito. Na kibarazani vigingi vinne vya kutundikia bunduki, maana bunduki haikuingia ndani kamwe: chuma kilichozoea baridi kikiletwa kwenye joto hutoka jasho, na jasho hilo likirudi nje huganda. Kila tarehe kumi na tano Novemba, msimu wa kulungu ulipofunguliwa, shule zilifungwa, maduka yalibaki na wake wa wenye maduka, na mchungaji mwenyewe, Jumapili ya kabla yake, alihubiri kwa ufupi.

Sheria za kambi zilikuwa chache, zote za Kalle, na hakuna iliyoandikwa. Moja ilikuwa ya kuchekesha: ukimlenga kulungu ukamkosa, pindo la nyuma la shati lako linakatwa kwa mkasi, linaandikwa herufi za jina lako na tarehe, linapigiliwa msumari ukutani. Nyingine haikuwa ya kuchekesha. Mtu akikaa misimu mitatu mfululizo bila kuingia msituni na bunduki ambayo mikono yake mwenyewe inaiweza, kitanda chake kinapewa mwingine. Kalle aliiweka baada ya rafiki yake mmoja mzee kung'ang'ania kitanda hadi siku bunduki ilipomponyoka na risasi ikatoboa paa la sauna. Sheria hiyo haikumwogopa hata aliyeiweka. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, Kalle alikaa jikoni misimu mitatu akipika bila kunung'unika, na wa tatu ulipokwisha akamwachia Aune kitanda cha dirishani, kile ambacho ukilala unaona mierezi ikibadilika kutoka nyeusi hadi kijani kunapopambazuka. Miaka miwili baadaye alifariki. Aune alikuwa amelala kitanda hicho misimu kumi na saba.

Msimu wa kwanza baada ya ajali mkono ulikuwa ndani ya bandeji. Msimu wa pili alichukua bunduki yake ya siku zote, ya komeo. Lakini komeo linataka kidole gumba na cha shahada vilibane, vilinyanyue, vilivute, na vidole vinne havibani kitu. Shemeji yake Reino, mume wa mdogo wake Irja, alimfungia komeo pale kibarazani, kwa upole, kama mtu anayemfungia mtoto kamba za viatu. Upole ule ndio uliomaliza mambo. Aune aliitundika bunduki kwenye kigingi, akaingia ndani, akafunga aproni.

Mchana ule viazi viliungua.

"Haya, nikateni shati," Aune akasema, akiweka sufuria mezani.

"Wapishi hawakatwi shati, shem," Reino akajibu, kiazi mdomoni.

Wote wakacheka, naye akacheka pamoja nao, na kicheko hicho alikibeba mwaka mzima kama kokoto ndani ya kiatu.

Kwa hiyo msimu wa 1998 ulikuwa wa tatu. Na Reino alikuwa na mkwe, Darrell, kijana wa mjini huko kusini, mwenye bunduki mpya na hamu tele na asiye na kambi.

"Mimi simfukuzi mtu," Reino alisema mwezi wa Agosti, wakinywa kahawa jikoni kwa Irja. "Nauliza tu. Nimwambie Darrell anunue mfuko wa kulalia, au asubiri?"

"Mwambie anunue hema," Aune akasema.

Wiki ile ile aliona karatasi kwenye ubao wa matangazo wa duka la chakula cha mifugo, imeandikwa kwa penseli, kwa herufi za mtu anayekandamiza sana: *Bunduki ya wenzo, ya 1951. Haijatobolewa. Mwenye darubini asinisumbue. Saarenpää, nyumba ya kijani baada ya daraja.*

Bunduki ya wenzo haina komeo la kubana. Chini ya kifyatulio kuna pete ndefu ya chuma. Mkono unaingia mle kama unavyoshika mpini wa kikombe kikubwa, unasukuma chini na mbele, unarudisha, basi: ganda limeruka, risasi mpya imeingia. Aune alikuwa ameshakwenda kuona mbili za aina hiyo kwenye nyumba nyingine, akazirudisha zote mbili mezani kwa huzuni, kwa sababu zilikuwa na nyundo nyuma, kile kichuma kinachogonga risasi, na nyundo ukitaka kuishusha taratibu bila kufyatua unahitaji kidole kile kile. Hii ya nyumba ya kijani alikwenda kuiona bila matumaini makubwa, kama mtu anayejaribu mlango ambao anajua umefungwa.

Wilho Saarenpää alikuwa mchimba chuma mstaafu, mrefu, amepinda kidogo juu kama msumari uliogonga fundo. Hakuileta bunduki. Alileta kahawa, mkate mtamu wa iliki, na donge la sukari kwa kila mmoja. Wakanywa, sukari katikati ya meno.

"Wewe ni wa Kalle," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mzee."

"Kalle aliniuzia ng'ombe mwaka hamsini na tisa. Alikuwa anapiga mateke."

"Kalle au ng'ombe?"

Mzee akamwongezea kahawa. Alipokwisha kumimina akainuka, akaenda chumbani, akarudi akiwa ameilaza bunduki kwenye viganja vyote viwili.

Aune aliona kwanza kile ambacho hakikuwepo. Mgongo wake ulikuwa laini, umeteremka taratibu kama mgongo wa samaki, bila nyundo, bila kitundu kimoja cha skrubu. Rangi ya mtutu ilikuwa imechakaa pale tu mkono wa mtu mmoja ulipoubeba kwa miaka arobaini na saba. Ubavuni kushoto palikuwa na kidirisha kidogo, si kikubwa kuliko punje ya hindi, na ndani yake tarakimu kwenye gurudumu la shaba, iliyokuambia zimebaki risasi ngapi tumboni. Kizuizi chake cha usalama kilikuwa kijiti kidogo cha chuma kando ya kifyatulio, kinachosogezwa na kidole cha shahada. Cha shahada. Aune alikisogeza mbele, akakirudisha, akakisogeza tena, na moyo wake ukaanza kwenda mbio kwa namna ambayo umri wa miaka hamsini na tisa humfanya mtu aione haya.

Aligeukia mti wa kitako, kwa sababu mti ulikuwa lugha yake, akaupitishia kidole cha shahada kutoka nyuma hadi shingoni.

"Mti huu uliota mteremkoni," alisema. "Ulikuwa umeegemea. Angalia mishipa ilivyojikaza upande huu. Aliyeuchonga aliona, akaugeuza ili pale penye nguvu pakae shingoni, mahali ambapo vitako huvunjika. Hakuna mtu aliyemlipa kwa kufanya hivyo. Alifanya tu."

Wilho aliinama kuitazama shingo ile.

"Miaka yote hii nimelala nayo chumba kimoja," akasema, "na hilo sikulijua."

Akatoa risasi tano za bandia kutoka kwenye mkebe wa tumbaku, akazikandamiza ndani moja baada ya nyingine, na Aune akaona tarakimu ikipanda kwenye kidirisha. Akampa. "Ziendeshe."

Aune aliingiza vidole vinne kwenye pete. Alikuwa ameshika kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kushika tangu kiwandani, nacho kilikuwa cha zamani, na cha mtu mwingine. Akausukuma wenzo taratibu, kwa heshima, kama anayefungua kabati la vyombo vya marehemu mama yake. Risasi ya kwanza iliingia. Ya pili, alipovuta, wenzo ulijifunga vizuri kabisa. Akabonyeza kifyatulio.

Tik.

"Fungua utazame," mzee akasema.

Chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ilikuwa tupu.

"Umeibembeleza. Usiibembeleze, siyo mtoto mchanga. Ukiipa nusu, nayo inakupa nusu: ganda linatoka, jipya haliingii, na wewe unadhani uko tayari. Isukume hadi igonge mwisho wake. Kisha irudishe kama unamfungia mlango muuza bima."

Aune alisukuma. Chuma kiligonga chuma, sauti mbili fupi, moja ya kwenda na moja ya kurudi, safi kama mtu anayekata karoti kwa kisu kizuri. Risasi za bandia ziliruka juu, zikatua kwenye mkate wa iliki.

"Hivyo," Wilho akasema. "Wengine watatu walikuja. Mmoja alitaka kuitoboa aweke darubini. Mmoja alitaka kuitundika juu ya televisheni. Wa tatu alikuwa Mbaptisti, lakini huyo sikumkataa kwa hilo. Alikuwa anaongea sana."

Alitaja dola mia saba. Aune hakuomba apunguziwe, maana kubishana bei mbele ya kitu kile kungekuwa kama kupiga kelele kanisani. Mlangoni mzee alimshika kiwiko.

"Sharti moja. Ukipiga, njoo uniambie. Ukikosa, njoo uniambie pia. Macho yangu hayafiki tena msituni. Nataka masikio yafike."

Septemba yote na Oktoba yote Aune aliishi na bunduki ile. Asubuhi, baada ya kuhakikisha ni tupu, aliiendesha jikoni mara hamsini huku redio ikitangaza bei ya maziwa. Paka aliondoka siku ya tatu akahamia kwa jirani. Alasiri aliipeleka kwenye shimo la changarawe nyuma ya makaburi, akaweka vifuniko vya makopo ya rangi, akavitoboa. Bega lilimuuma, kisha likaacha. Aligundua kwamba ukiibeba kwa mkono mmoja, umeshika pale katikati, inatulia sambamba na ardhi, haielemei mbele wala nyuma, kana kwamba aliyeichora alikuwa mtu aliyetembea sana na kuchoka. Aligundua kijipini kidogo juu ya mgongo wake kinachojitokeza ikiwa tayari kufyatua, ili gizani usilazimike kukumbuka, uguse tu. Kila siku kulikuwa na jambo moja la namna hiyo, fikra ya mtu asiyemjua, mtu ambaye huenda amekwisha kufa, aliyekaa mezani akamfikiria yeye: mikono yake yenye baridi, wasiwasi wake, haraka yake.

Wakati mwingine aliiweka magotini jioni, akaipaka mafuta kidogo kwa kitambaa cha pamba, na akajikuta akiwaza kwamba maisha yake yote alikuwa akipima vitu kwa kidole kilichopotea. Vidole vinne vilivyobaki vilikuwa havijawahi kuulizwa maoni yao. Sasa vilikuwa vinaongea.

Tarehe kumi na nne Novemba theluji ilianguka, laini, hadi kifundo cha mguu. Kambini walikuwa wanne kama kawaida: mjomba Onni, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye bado aliingia msituni ingawa kituo chake kilikuwa hatua hamsini tu kutoka mlangoni, Reino, Aune, na binamu yake Toimi, mtu mwema aliyeweza kumaliza siku mbili bila kutamka neno na asijue kwamba amefanya hivyo.

Reino aliitazama bunduki kwenye kigingi cha nne.

"Hii umeichimbua kaburi gani, shem?"

"Kaburi la babu yako. Anakusalimu, anasema mrudishie nyundo yake."

"Inapiga kweli, au inakohoa tu?"

"Simama pale kwenye mwerezi nikuonyeshe."

Onni alicheka hadi akashika ukuta. Lakini Aune aliona Reino akiuangalia mkono wake, ule wa kulia, jinsi ulivyokaa juu ya chuma, na akajua anachohesabu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na binti anayempenda, na binti alikuwa na mume, na kitanda kilikuwa kimoja.

Asubuhi ya kumi na tano, kabla ya jua, Aune alikaa chini ya mgongo wa gogo lililoanguka, mahali ambapo baba yake alimkalisha kwa mara ya kwanza. Baridi ilikuwa ya kukaza pua. Mwanga ulikuja kama unavyokuja kule Novemba, bila rangi, kana kwamba msitu unajikumbuka polepole: kwanza mashina, kisha matawi, mwisho nafasi kati yao. Kware mmoja alipiga mabawa. Kisha kimya kile ambacho mtu hukisubiri mwaka mzima, na kikija humtisha.

Dume la kulungu lilitokea kushoto, hatua hamsini au zaidi kidogo, likitembea na kichwa chini kwenye njia ya kijito. Pembe zake zilikuwa na ncha nane. Aune alisogeza kijiti kwa kidole cha shahada. Alilenga, akavuta pumzi, akaachia nusu yake, akabonyeza.

Mlio ulijaza bonde. Theluji ilidondoka kutoka kwenye mierezi. Na dume halikuanguka wala halikukimbia. Lilisimama, limeinua kichwa, ubavu mzima umemgeukia, likisikiliza radi ile ilikotoka. Risasi ilikuwa imepita juu ya mgongo wake. Aune alikuwa na nafasi ya pili, pana kama mlango wa ghala, nafasi ambayo watu huisimulia kambini miaka thelathini na hakuna anayewaamini.

Msitu ulikuwa umenyamaza mno. Kila kitu ndani yake, miaka yote ya kutembea kwa nyayo laini, miaka ya kufunga komeo kwa siri bila mlio, kilimwambia: taratibu, usimshtue. Vidole vinne vikausukuma wenzo taratibu. Vikaurudisha taratibu. Ulijifunga vizuri kabisa.

Tik.

Dume liligeuza masikio. Kisha mkia mweupe ulipanda juu, ukaruka mara tatu kati ya mashina, na mahali pale pakabaki theluji tu.

Aune alikaa. Alifungua, akatazama chemba tupu, akatazama kidirisha kilichomwambia kwa uaminifu kwamba risasi zake nne bado zimo. Hakumlaani mtu. Aliona tu, waziwazi kama alivyokuwa akiona ufa kwenye ubao, kile ambacho kitasemwa saa sita mchana. Kwa desturi, mchana wa siku ya kwanza wote walirudi kunywa kahawa, na kila mmoja alieleza alichokiona na alichokifanya. Mlio mmoja wote wameusikia. Angeweza kusema lilikimbia. Angeweza kusema kulikuwa na tawi. Akisema kwamba aliushika wenzo akaupa nusu, Reino atasikia neno moja tu: mkono.

Alirudi akitembea ndani ya nyayo zake mwenyewe.

Mezani palikuwa na mikate iliyojazwa nyama, viazi na turnipu, na birika jeusi. Onni hakuwa ameona kitu. Toimi alitikisa kichwa, maana yake hakuona kitu. Reino alikuwa ameona nyayo.

"Dume kubwa limepita kwangu likitimua vumbi la theluji," alisema. "Hakuna tone la damu. Limetoka kwako, shem. Nimesikia mlio mmoja. Nikakaa nasubiri. Mtu mwenye wenzo, nilitegemea nisikie ngoma ya harusi."

"Ulikuwa mmoja," Aune akasema.

"Lilikimbia?"

Mvuke wa kahawa ulipanda kati yao. Nyuma ya kichwa cha Reino, ukutani, mapindo ya mashati yalining'inia kwa misumari yake, ya miraba myekundu, ya miraba ya kijani, mengine yamefifia hadi rangi ya majivu.

"Halikukimbia," Aune alisema. "Lilisimama. Lilinipa ubavu wote, hesabu hata tano. Niliusukuma wenzo nusu. Nikabonyeza, ikalia tik."

Hakuna aliyecheka. Hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Reino aliweka kikombe chini, na Aune akaona kwamba hakufurahi, na kwamba alikuwa karibu kusema lile jambo hata hivyo, kwa sababu ni sheria na kwa sababu ya binti yake.

"Mkono, shem," akasema, kwa sauti ya chini. "Mimi sitaki kuwa mtu wa kulisema, lakini..."

"Nyamaza kidogo," mjomba Onni akasema. "Aune, mwanangu. Twende kibarazani."

Wote wanne walitoka bila makoti. Onni alimwambia atoe risasi zote, Aune akazitoa. Alimwambia afungue aonyeshe, akaonyesha. Mzee akaingiza kidole chake kilichopinda ndani ya chemba kuhakikisha. Kisha akasema, "Iendeshe."

Vidole vinne viliingia kwenye pete. Aune hakuwatazama. Alitazama mierezi, na mkono ukaenda hadi mwisho ukarudi, ukaenda ukarudi, mara kumi, chuma kikigonga chuma hata theluji ya kwenye ukingo wa paa ikaanza kudondoka, na ilipofika mara ya kumi bunduki ilikuwa bado begani, mtutu umetulia kama umepigiliwa hewani.

Reino alikuwa amefungua mdomo kidogo.

"Mkono hauna tatizo," Onni alisema. "Sasa niambie. Nani aliyeogopa kupiga kelele?"

"Mimi, mjomba."

"Sababu?"

"Nilitaka nisimshtue."

"Umempigia bunduki, halafu hutaki kumshtua!" Onni alianza kucheka tena, akishika nguzo. "Kalle alikuwa hivyo hivyo. Mwaka arobaini na tisa alikosa dume, akaliomba radhi kwa sauti. Nilimsikia mwenyewe kutoka ng'ambo ya kijito!"

Reino alikuwa ameingia ndani. Walimsikia akifungua droo, akifunga, akifungua nyingine. Alirudi mlangoni na mkasi mkubwa wa kukatia karatasi za ukuta, na uso wake ulikuwa umejikunja kama wa mtu anayejaribu kubeba vitu viwili kwa mkono mmoja.

"Geuka, shem," alisema.

Aune hakuelewa mara moja.

"Geuka, nimesema! Umemkosa kulungu. Unataka tukupigie tarumbeta?"

Aune aligeuka. Alishika nguzo ya kibaraza kwa mkono wa kulia, na akashukuru kwamba anatazama msituni.

"Shati hili Irja ndiye aliyekushonea," Reino alilalamika nyuma yake. "Sufu tupu. Ataniua. Nikate wapi? Hapa?"

Toimi, ambaye hakuwa amesema neno tangu juzi, aliinama akatazama.

"Zaidi," alisema.

Mkasi uliuma sufu. Reino mwenyewe ndiye aliyeandika kwa kalamu nene, A.L., 15 Novemba 1998, akikosea kwanza akaweka saba akairekebisha kuwa nane. Yeye mwenyewe ndiye aliyeugonga msumari, kando ya mapindo matatu ya Kalle, na lile la kijani la 1949 likiwa karibu zaidi. Aliporudi nyuma kulitazama, akajikuna shingo.

"Hema zuri linauzwaje siku hizi?" aliuliza.

"Muulize Darrell," Aune akasema. "Mwambie achague lenye jiko."

Jumapili ifuatayo angekwenda nyumba ya kijani, angekunywa kahawa kwanza, kisha angeeleza yote tangu mwanzo, pamoja na ile tik. Alijua mzee atafumba macho ili asikie vizuri.

Lakini hilo lilikuwa la Jumapili. Asubuhi ya kumi na sita Aune aliamka kwenye kitanda cha dirishani, mierezi ikiwa bado nyeusi. Alivaa, akatoka kibarazani, akaishusha bunduki kutoka kwenye kigingi cha nne, ikiwa baridi kama kijito. Alisukuma risasi tano ndani kwa kidole cha shahada, akaona tarakimu ikipanda. Kisha akausukuma wenzo hadi mwisho, akaurudisha kwa nguvu, bila kujali ni nani aliyesikia, mtu au mnyama, na mlio wake ukaenda ukipungua kati ya miti.

Alishuka ngazi. Kila alipoinama kupita chini ya tawi, upepo uliingia kiunoni, pale shati lilipokosa, ukamgusa mgongo kama kidole cha barafu. Hakulivuta koti lishuke. Aliuacha uingie.